Kasi Isiyovukika

Hesabu ilikubali Jumanne moja ya mwezi wa tatu, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, na Kageyama Shizue aliikodolea macho akitumaini kuona alipokosea. Hakuona. Akairudia tangu mwanzo, akaipitia kwa njia nyingine kabisa, na kote akafika palepale. Basi akazima skrini, akavaa koti maana upepo wa Hamamatsu ulikuwa bado unauma, akavuka uwanja kwenda kwenye mkahawa wa taasisi kula na Hachiya Kohei, kama alivyofanya karibu kila siku tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

Hachiya alikuwa amekwisha kukaa, bakuli la tambi za soba mbele yake, kiti amekigeuza ili jicho lake moja lililo zima lielekee mlangoni. Alikuwa na furaha. Fuwele mpya waliyoiagiza ilikuwa imefika asubuhi, safi kuliko zote walizowahi kuwa nazo, na alieleza kwa kirefu jinsi watakavyoifunga na mahali watakapoipiga mwanga. Shizue alisikiliza huku akila. Alisema fuwele hiyo kweli ni nzuri. Lile aliloligundua hakulisema. Alijiambia kwamba atalisema kesho.

Walichokuwa wakikitafuta miaka yote hiyo ni swichi. Kompyuta, hata iwe kubwa namna gani, kazi yake ni kufungua na kufunga vijiswichi vya umeme, ndiyo au hapana, mara bilioni kadhaa kwa sekunde. Wimbi la mwanga hupanda na kushuka kwa kasi inayopita hiyo zaidi ya mara laki moja. Kama mwanga wenyewe ungeweza kufungua na kufunga swichi, kompyuta za leo zingeonekana kama konokono. Hachiya na Shizue walikuwa wameonyesha kwamba inawezekana. Ndani ya fuwele isiyopitisha umeme elektroni zimelala. Unazipiga kwa mpigo mfupi wa mwanga, zinaamka na kupanda juu, mahali zinapoweza kukimbia. Kisha mpigo wa pili unazisukuma kulia au kushoto. Kulia ni ndiyo, kushoto ni hapana. Walisifiwa kwa jambo hilo walipokuwa vijana. Kilichobaki, kama Hachiya alivyopenda kusema, kilikuwa kulifanya upesi zaidi, kisha upesi zaidi ya hapo.

Hesabu ya Shizue ilisema kwamba upesi huo una mwisho. Mwanga hauwezi kuwa mfupi na papo hapo ukawa wa rangi moja. Kadiri unavyoufupisha mpigo, ndivyo rangi zinavyozidi kuchanganyika ndani yake, na kila rangi ina nguvu yake. Elektroni zinazoamshwa na mpigo wa namna hiyo hazipandi zote ghorofa moja. Nyingine zinaishia ya kwanza, nyingine ya tatu, nyingine ya tano, na kila ghorofa ina mwendo wake. Ukizisukuma kulia, baadhi zinakwenda kulia, baadhi zinasitasita, baadhi zinakurudia kushoto. Swichi imefunguka, tena kwa kasi ya ajabu, lakini hakuna awezaye kusema kama imejibu ndiyo au hapana. Mwisho huo ulikuwa karibu na mara milioni bilioni kwa sekunde, na wao walikuwa wamekwisha kuusogelea. Kilichowazuia hakikuwa kioo kibovu wala upungufu wa fedha. Kilikuwa tabia ya mwanga wenyewe, na tabia hiyo hairekebishwi na fundi yeyote.

Jicho la kulia la Hachiya lilipotelea katika kazi hiyo. Alikuwa akipanga vioo, doa la leza likawa hafifu mno kuonekana kupitia miwani ya kinga, akaivua kidogo tu alitafute. Mwali ukadunda kwenye skrubu moja iliyokuwa iking'aa. Shizue alikuwa chumba hichohicho. Ndiye aliyempeleka hospitali na ndiye aliyekaa kwenye korido na mke wake, Fumiyo, mwalimu wa piano wa watoto, aliyekuja mbio akiwa bado amevaa ndara za nyumbani. Siku ile Fumiyo hakuuliza habari za jicho. Aliuliza kama kazi hiyo ina mwisho mwema. Shizue alimwambia ndiyo, watafika.

Kesho ile ya kusema ikawa wiki, na wiki ikawa majira ya mvua. Shizue hakukosa sababu. Labda hesabu ilikuwa nyepesi mno kwa fuwele halisi. Labda ingefaa Hachiya aone mwenyewe kwa jicho lake, bila kuambiwa. Tena mkurugenzi alikuwa akipitia bajeti za vikundi vyote, na haikuwa busara kutoa maneno mabaya wakati kama huo. Lakini sababu yenyewe hasa ilikuwa ndogo, na aliijua. Kila asubuhi Hachiya aliingia maabara akipiga mluzi, akitundika mfuko wake wa chakula kwenye msumari, na kusema, "Kageyama, leo tunautoboa ukuta." Alimwita hivyo, jina la ukoo tupu bila heshima, kwa kuwa alimtangulia chuoni, naye Shizue akamwita Hachiya-san, kwa heshima, mpaka uzeeni. Kila asubuhi Shizue alikuwa na nafasi ya kumkatisha mluzi huo, na kila asubuhi aliuacha uendelee.

Kwa hiyo wakafanya kazi. Waliipiga fuwele mpya, wakapiga nyingine, wakapiga almasi ya maabara nyembamba kama ukucha. Kila walipoufupisha mpigo kupita kiasi fulani, jibu lilichafuka, na kila lilipochafuka Hachiya alipata wa kulaumu. Mara malori ya barabara kuu yanatikisa sakafu. Mara unyevu. Mara kioo cha nne kina vumbi. Shizue alichukua pamba na kukifuta kioo cha nne, akijua kwamba ni safi. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, baadaye alipokumbuka: kwamba alikifuta kwa uangalifu.

Mwezi wa kumi, wakiwa wanakula, Hachiya alimsimulia kama kichekesho kwamba chuo kimoja cha ufundi huko Kochi kilikuwa kimemwomba akaongoze idara yake. Mshahara mzuri, nyumba ya kukaa, miaka kumi bila wasiwasi.

"Wanataka nikafundishe watoto lenzi," alisema. "Nimewajibu kwa adabu kwamba mzee bado ana shughuli. Huko Kochi kuna nini zaidi ya samaki wa kubabua kwa moto wa majani?"

Shizue aliuliza kama jibu lilikuwa limekwisha kutumwa. Hachiya alisema limetumwa Jumatatu, na akamwomba mpishi amwongezee chai. Shizue alikuwa na kipande cha boga la kukaanga kwenye vijiti. Alikirudisha sahanini, akakaa akikitazama. Pengine kama angesema wakati ule, Hachiya angeweza kupiga simu Kochi na kujitetea kwamba mke wake amembadilisha mawazo, nao wangecheka na kumpokea. Alifikiri hivyo akiwa ameketi pale. Kisha akala kile kipande, kwa sababu Hachiya alikuwa akimwangalia.

Fumiyo ndiye aliyekatiza kimya hicho. Alikuja nyumbani kwa Shizue Jumapili moja ya baridi kali, bila kupiga simu, akiwa na boksi la vitafunio vya maharage matamu. Shizue aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la kutengeneza kinanda; alimkaribisha, akamwashia meza ya joto, wakakaa miguu chini ya blanketi kama ndugu. Fumiyo aliuliza habari za mama yake Shizue, akasifu mmea wa dirishani. Halafu akakunja karatasi ya kitafunio mpaka ikawa ndogo sana.

"Sikuja kukusumbua, dada," alisema. "Siku ya jicho uliniambia mtafika. Nimekuja kukuuliza kama bado ni hivyo."

Shizue aliuliza kwa nini anauliza sasa.

"Kwa sababu amekataa Kochi, wala hakuniambia. Nimeona barua yao ya kumshukuru. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikasema, sawa, kama wanakaribia, na aendelee, mimi nimeshazoea. Lakini nikataka nijue kama mnakaribia. Yeye ananiambia mnakaribia tangu nilipokuwa na miaka thelathini."

"Hatukaribii," alisema Shizue. "Hakuna pa kufika."

Fumiyo hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabu midundo ya muziki. Akauliza kama mume wake anajua. Shizue alipotikisa kichwa, Fumiyo alimtazama usoni kwa muda, na katika kutazama huko Shizue alihisi kwamba kila kitu kimeonekana, hata ile pamba na kioo cha nne.

"Basi mwambie wewe," alisema Fumiyo. "Mimi hanisikii. Nikimwambia mimi atafikiri ni maneno ya jikoni."

Shizue alimwambia Hachiya kesho yake, asubuhi, kabla hajatundika mfuko wake. Hakutafuta namna ya kuanza.

"Hachiya-san, haitapita."

"Nini haitapita?"

"Swichi. Kupita hapa tulipo. Nimepiga hesabu. Si vioo, wala si malori."

Hachiya aliomba kuiona. Akavuta kiti, akageuza uso upande wa jicho lake zima, akasoma skrini ukurasa kwa ukurasa bila haraka. Katikati aliguna mara moja. Alipomaliza alirudi nyuma akasoma tena sehemu moja, ile ya ghorofa za elektroni, akaitikia peke yake.

"Kazi safi hii," alisema. "Ulimaliza lini?"

Uongo ulikuwa karibu, na ungekuwa rahisi. "Mwezi wa tatu," alisema Shizue.

"Wa tatu upi?"

"Wa mwaka jana."

Nje mtu alikuwa akiburuta gari la mitungi ya gesi, na mlio wa magurudumu yake ulipita mlangoni mpaka ukapotea.

"Mwezi wa kumi nilikwambia habari za Kochi," alisema.

"Uliniambia."

"Tukawa tunakula."

"Tulikuwa tunakula."

"Washa mashine, Kageyama-san," alisema.

Hakuwahi kumwongezea heshima hiyo hata siku moja, na sasa alipoiongeza Shizue alielewa kwamba amegeuka kuwa mgeni kwake. Aliwasha mashine.

Walifanya jaribio moja, na Hachiya alilipanga mwenyewe, kwa masharti yake, kwa fuwele ngumu kuliko zote walizokuwa nazo. Kwenye skrini vilionekana vilima viwili, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, vimetengana vizuri. Akaanza kuufupisha mpigo, kidogo kidogo, mkono wake ukiwa mtulivu kama wa daktari. Vilima vikasogeleana. Vikapanuka chini, vikashuka vilele, vikaanza kuingiana. Alipofika mahali hesabu ilipokuwa imesema, havikuwa tena viwili. Kulikuwa na tuta moja pana lisilo na kulia wala kushoto, nalo lilitulia hivyo hivyo bila kutikisika. Hakukuwa na unyevu wa kulaumu. Hachiya akaubadilisha mpigo wa pili, akajaribu pembe nyingine, akajaribu ya tatu. Tuta likabaki tuta.

Kisha akaongeza nguvu. Shizue alimwona akifanya hivyo na hakumzuia. Akaiongeza tena, kupita alama ambayo wao wenyewe walikuwa wameichora, mpaka mstari kwenye skrini ukaruka juu na kuzimika. Ndani ya chombo kisicho na hewa fuwele ilikuwa imeungua. Kupitia kidirisha ilionekana ina doa jeupe katikati, dogo kama punje ya ufuta. Hachiya akafunga leza kwa utaratibu wake wote, akahakikisha taa nyekundu imezimika, ndipo akavua miwani.

"Basi ni hivyo," alisema. Akachukua mfuko wake wa chakula, akaenda nyumbani.

Mkurugenzi Naruse alilipokea jambo hilo vizuri kuliko walivyotazamia, na uzuri wake huo ulikuwa mchungu. Alikuwa mtu mchangamfu aliyepanda cheo kupitia mauzo. Alimwita Shizue ofisini, akamwagizia kahawa, akamwambia kwamba dunia nzima inakimbilia kasi na hakuna aliyewahi kuonyesha kwa vipimo inapoishia. Hiyo ni habari, na habari hiyo ni ya taasisi. Aliagiza makala iandikwe upesi. Shizue aliiandika. Alipompelekea Hachiya ili aweke jina lake, maana mashine ilikuwa yake na mikono ilikuwa yake, alikataa kwa upole kabisa. Alisema yeye alitumia maisha yake kutafuta kinyume cha makala hiyo, na si vizuri mtu kuonekana ametafuta asichokitafuta.

Makala ilisomwa sana. Shizue akaalikwa Seoul, kisha Vienna, akasimama mbele ya kumbi akieleza kwa nini haiwezekani, na watu wakampigia makofi. Kijana mmoja wa Seoul alimfuata baadaye kumshukuru. Alisema alikuwa karibu kuanza kazi hiyohiyo, na sasa amejiokolea miaka. Shizue alimjibu kwamba amefurahi kusikia hivyo. Usiku ule hotelini alikaa kitandani na viatu miguuni, akijaribu kuikumbuka hiyo miaka ambayo kijana yule ameokoa, na aliyoiona ni Hachiya tu akipanga vioo, akipiga mluzi.

Mwaka wa bajeti ulipoisha, kikundi kikavunjwa. Hakuna aliyefukuzwa, Naruse alijali mambo kama hayo. Shizue alihamishiwa idara ya vipima mwanga vya mashine za kuchambua matunda, ambavyo hutazama chungwa kupitia ganda na kusema kama ni tamu. Hachiya aliomba kustaafu mapema. Kabla ya kuondoka aliwaandikia watu wa Kochi. Wakamjibu kwa heshima nyingi kwamba nafasi imeshapata mtu.

Alihamia Mikkabi, kwenye mashamba ya michenza ya kaka yake Fumiyo, ng'ambo ya ziwa. Shizue alikaa miezi mingi kabla ya kwenda kumwona. Alikwenda msimu wa mavuno, kwa treni ndogo ya behewa moja, akapanda kilima kwa miguu. Fumiyo alimpokea vizuri, akamfunga kitambaa kichwani asiungue na jua, akamwelekeza upande wa banda.

Hachiya alikuwa ameketi kwenye kreti, akichambua michenza kwa mkono: mikubwa huku, midogo kule, yenye madoa kwenye ndoo. Alikuwa amekonda lakini hakuonekana mgonjwa. Alimsogezea kreti nyingine naye akakaa, akaanza kuchambua pia. Waliongea habari za mvua iliyochelewa, na za ngiri wanaoshuka usiku kula matunda. Hachiya aliuliza chumba chao cha maabara amepewa nani. Shizue alisema hakijapewa mtu, kimekuwa ghala. Hachiya akasema ni kikavu, kinafaa kuwa ghala.

Shizue alikuwa amekuja na maneno. Aliyapanga njia nzima, treni ikizunguka ziwa: kwamba alinyamaza kwa kumheshimu, kwamba aliogopa, kwamba anaomba radhi. Alipoyaanza, Hachiya alimwacha afike mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Sikukasirikia hesabu," alisema. "Ilikuwa lazima mtu aifanye, na heri uliifanya wewe, maana mwingine angekosea. Hata Kochi, sijui. Pengine ningekwenda huko nikawachosha watoto wa watu."

Akaokota mchenza, akauzungusha, akautupa kwenye ndoo.

"Ninachokiona kila siku ni ule mwaka. Nilikuwa nakuja asubuhi nimefurahi, Kageyama-san. Kweli nilikuwa nimefurahi. Na wewe umekaa pale unaniangalia nikifurahi."

Hachiya hakumngoja ajibu. Aliendelea kuchambua, na alipomaliza kreti yake akavuta nyingine. Baada ya muda Fumiyo akaja na chai, wakanywa wote watatu wakitazama chini ziwani, na Fumiyo akaeleza habari za mwanafunzi wake mpya mwenye vidole virefu. Jua lilipoanza kushuka, Shizue alisema treni yake imekaribia. Hachiya alisimama, akainama kumuaga, mgongo umenyooka sawasawa, kwa adabu isiyo na kasoro, kama mtu anavyomuaga ofisa aliyekuja kukagua shamba.

Fumiyo alimsindikiza mpaka chini ya kilima na kumpa mfuko wa michenza. Alimwambia asikate tamaa, aje tena majira ya maua. Lakini hakutaja siku, na Shizue hakuuliza.

Hakwenda tena. Mwaka mpya ulipoingia aliwatumia kadi, kama kila mwaka. Ilijibiwa siku ya nne. Mwandiko ulikuwa wa Fumiyo, mwanzo hadi mwisho, hata mahali palipoandikwa majina yao wawili, ambapo zamani Hachiya aliandika lake mwenyewe.